Sampuli 234 za seramu: kisa cha Seattle cha kutafuta saratani ya utumbo mpana katika kemikali za damu

Mwaka 2014, kundi la Daniel Raftery wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle lilichapisha katika Journal of Proteome Research matokeo ya kupima seramu, yaani maji yanayobaki damu inapoganda, ya watu 234. Kati yao, 66 walikuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, 76 walikuwa na polipi, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na 92 walikuwa wazima wa kulinganishwa nao. Watafiti hawakutafuta vinasaba vilivyomeguka kutoka kwenye uvimbe, wala protini moja inayojulikana. Walipima metaboliti, yaani kemikali ndogondogo zinazotumika na kuzalishwa wakati seli zinapojilisha na kujijenga: amino asidi, sukari, asidi za mafuta, pamoja na mabaki ya kuvunjwa kwa vitu hivyo. Walilenga metaboliti 158 kutoka njia 25 za umetaboli, wakazipata 113 kwa uhakika wa kutosha. Kanuni ya kihesabu waliyoijenga juu ya hizo iliwatenga wagonjwa wa saratani na watu wazima kwa unyeti wa asilimia 96 na umahususi wa asilimia 80, na ikawatenga wagonjwa hao hao na wenye polipi kwa unyeti wa asilimia 89 na umahususi wa asilimia 88.

Unyeti ni sehemu ya wagonjwa ambao kipimo huwanasa, na umahususi ni sehemu ya wasio wagonjwa ambao kipimo huwaacha waende zao. Kwa vigezo hivyo viwili, matokeo ya Seattle yanavutia, hasa yakiwekwa kando ya CEA, kipimo cha damu kilichozoeleka hospitalini, ambacho hakijawahi kufaa kwa uchunguzi wa watu wasio na dalili. Hata hivyo, msomaji aliyetulia atagundua kwamba jozi mbili zilizopewa uzito katika kazi hii ni saratani dhidi ya uzima, na saratani dhidi ya polipi. Jozi ya tatu, polipi dhidi ya uzima, ndiyo ambayo daktari wa uchunguzi angeitamani kuliko zote, na siyo iliyobebeshwa bango. Kipimo kinachoweza kusema kwamba huyu ana saratani na yule ana polipi tu hakijasema bado kwamba kinaweza kumtoa mwenye polipi katikati ya wazima.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Polipi nyingi humkalia mtu maisha yote bila kumdhuru. Zile za aina ya adenoma, hata hivyo, ndizo chimbuko la saratani nyingi za utumbo mpana. Mwaka 1990, Eric Fearon na Bert Vogelstein waliueleza mfuatano wa mabadiliko ya jeni unaoigeuza adenoma kuwa saratani, ambamo jeni ya APC huharibika mapema, ya KRAS hufuata, na ya TP53 huja kuelekea mwisho, katika safari ambayo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi. Miaka kumi hiyo ni nafasi ambayo saratani nyingi nyingine hazimpi daktari. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu polipi, ulioongozwa na Sidney Winawer, ulionyesha mwaka 1993 kwamba kuondoa adenoma kwa kolonoskopi, yaani mrija wenye kamera unaoingizwa kwenye utumbo mpana, kunapunguza idadi ya saratani zinazojitokeza baadaye, na ufuatiliaji wa watu hao uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa asilimia 53 kuliko ilivyotarajiwa katika umma kwa jumla. Kwa hiyo kipimo kinachonasa saratani peke yake humwahisha mgonjwa matibabu, lakini kinachonasa adenoma humwondolea ugonjwa kabla haujawa ugonjwa.

Inafaa kuingia maabara kwa muda, kwa sababu nguvu na udhaifu wa kazi ya namna hii vyote vimo humo. Katika upimaji lengwa wa metaboliti, seramu iliyohifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri huyeyushwa taratibu juu ya barafu, kisha humiminiwa methanoli baridi ili protini zigande na kuzama. Mchanganyiko huo huzungushwa kwa kasi kubwa, maji ya juu hutolewa, hukaushwa, na masalia huyeyushwa upya kwa kiasi kidogo cha kimiminika safi. Hapo ndipo tone lake huingizwa kwenye kromatografia ya kimiminika, ambayo hutenganisha kemikali kwa kadiri kila moja inavyoshikamana na vichengechenge vilivyojazwa ndani ya mrija mwembamba, na kila kemikali inapotoka hupewa chaji ya umeme na kuingia kwenye spektrometa ya masi. Mashine huchagua ayoni ya uzito fulani, huivunja, huchagua kipande chake kimoja, na huhesabu ni vingapi vimepita. Kinachoandikwa kwenye skrini ni kilele, na ukubwa wa kilele hicho ndio kiasi cha metaboliti. Katikati ya sampuli za wagonjwa, fundi makini hupitisha tena na tena sampuli ya mchanganyiko uleule, ili aone kama mashine imehama kutoka asubuhi hadi usiku.

Mashine, basi, haina shida kubwa. Shida huanza saa kadhaa kabla yake, pale sindano inapotolewa kwenye mshipa. Chembe nyekundu zilizo ndani ya chupa ya damu bado ziko hai, zinaendelea kula glukosi na kutoa laktati, na kila dakika ambayo damu inakaa juu ya meza kabla ya kutenganishwa inabadilisha kiasi cha kemikali zilezile zinazotafutwa. Chembe zikipasuka, yaliyomo ndani yake humwagika kwenye seramu. Mtu aliyefunga usiku kucha na kunywa dawa ya kusafisha utumbo ana damu tofauti na mtu aliyetoka kunywa chai na maandazi. Ikiwa wagonjwa wa saratani walitolewa damu wodini wakisubiri upasuaji, na wazima wakatolewa kliniki, kanuni ya kihesabu inaweza kujifunza tofauti ya wodi na kliniki na kuiita saratani, bila mtu yeyote kuwa amedanganya. Ninapopewa utafiti wowote wa metaboliti, sehemu ninayoisoma kwanza ni ile inayoeleza damu ilitolewa wapi, lini, na mtoaji akiwa katika hali gani, kabla sijaangalia asilimia hata moja.

Kuna pia suala la uwiano kati ya idadi ya vigezo na idadi ya watu. Mtu anayelinganisha metaboliti 113 kati ya makundi mawili, kwa kigezo cha kawaida cha nafasi moja kati ya ishirini, atapata tano au sita zinazoonekana kutofautiana hata kama makundi hayo hayatofautiani kabisa. Kundi la Seattle lililijua hilo na likatumia njia ya kuwachanganya watu kwa bahati nasibu, kuijenga kanuni kwa sehemu moja na kuijaribu kwa sehemu iliyobaki, kisha kurudia zoezi hilo mara nyingi. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya kujidanganya, ila ina mpaka wake: sehemu zote mbili zinatoka katika watu walewale 234, kwa hiyo kasoro yoyote ya ukusanyaji imo katika sehemu zote. Isitoshe, asilimia 96 ya watu 66 ni watu 63 au 64. Kwa idadi ndogo kama hiyo, unyeti wa kweli unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 87 na 99.

Sasa tuitoe kanuni hii maabara na kuipeleka kwa watu wanaokuja kuchunguzwa bila dalili yoyote. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2014 na Thomas Imperiale na wenzake, uliokuwa na watu 9,989, unatupa sura halisi ya umma wa aina hiyo: saratani 65 tu, na vidonda 757 vya hatua ya juu visivyo bado saratani, nyingi kati yake zikiwa adenoma kubwa. Katika umma huo, unyeti wa asilimia 96 ungenasa saratani 62 na kukosa 3, jambo linalopendeza. Lakini kati ya watu 9,924 wasio na saratani, umahususi wa asilimia 80 ungewaweka 1,985 upande wa chanya. Jumla ya watu 2,047 wangepelekwa kolonoskopi ili wapatikane 62, yaani mmoja katika kila 33. Mle maabarani, ambako wagonjwa walikuwa 66 dhidi ya wazima 92, jibu chanya lingekuwa la kweli karibu mara nane katika kumi. Kanuni ni ileile na mashine ni ileile. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa kati ya waliopimwa, na thamani ya jibu chanya imeshuka kutoka takriban asilimia 78 hadi asilimia 3.

Katika watu haohao 9,989, kipimo cha kinyesi cha FIT, ambacho hutafuta damu isiyoonekana kwa macho na ni rahisi sana kikilinganishwa na spektrometa ya masi, kilinasa saratani kwa asilimia 73.8, ambazo ni saratani 48, na vidonda vya hatua ya juu kwa asilimia 23.8, ambavyo ni kama 180. Waliopata chanya walikuwa takriban 700 kwa jumla. Ukizihesabu kolonoskopi badala ya asilimia, FIT inakosa saratani 14 zaidi ya kanuni ya Seattle, lakini inaokoa kolonoskopi zaidi ya elfu moja na mia tatu. Mahali penye madaktari wengi wa utumbo, mtu anaweza kuona kwamba saratani hizo 14 zinastahili gharama hiyo, na sitamlaumu. Mahali ambapo mtu husubiri miezi kupata nafasi ya kolonoskopi, wale 1,985 wasio na saratani wangekaa mbele ya mgonjwa wa kweli kwenye foleni, na kipimo kilichokusudiwa kuwahisha kingechelewesha.

Rudi sasa kwenye polipi. Adenoma yenye kipenyo cha sentimita moja, ambayo tayari huhesabiwa kuwa kubwa, ina ujazo wa nusu mililita tu. Inaogelea, kwa namna ya kusema, katika mwili wenye lita tano za damu, misuli, mafuta, na trilioni za bakteria wa utumbo ambao nao wanazalisha metaboliti zao mchana na usiku. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya damu inayotoka kwenye utumbo mpana haiendi moja kwa moja kwenye mkono ambako muuguzi anachoma sindano. Inapita kwanza kwenye ini kupitia mshipa wa lango, na ini kazi yake ndiyo hiyo hasa, kuchambua, kuvunja na kusawazisha kemikali zinazotoka tumboni. Kinachofika mkononi kimeshahaririwa. Ni vigumu kuamini kwamba kinyama cha nusu gramu kinaweza kuacha alama yake yenyewe katika mazingira hayo, na kwa maoni yangu kinachopimwa katika tafiti za aina hii, pale kinapopimwa vizuri, ni hali ya mwili wa mwenye uvimbe kuliko uvimbe wenyewe.

Ushahidi wa upande huo upo, na unatoka Saskatoon nchini Kanada. Mwaka 2010, Shawn Ritchie na wenzake wa kampuni ya Phenomenome Discoveries walitangaza kwamba seramu ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ina upungufu wa asidi za mafuta ndefu sana, mojawapo ikijulikana kwa jina la GTA-446. Walipofuatilia wakakuta kwamba upungufu huo hautegemei ukubwa wa uvimbe na unafuata umri. Kama asidi hizo zingeliwa au kuzuiliwa na uvimbe, uvimbe mkubwa ungezipunguza zaidi kuliko mdogo. Haikuwa hivyo, na ndiyo maana waandishi hao hatimaye waliizungumzia GTA-446 kama kihatarishi, yaani dalili ya udongo ambamo saratani huota. Hilo si jambo la kudharau, kwani kumjua mtu aliye hatarini ni faida. Ila kipimo cha hatari na kipimo cha ugonjwa havitumiki kwa namna moja, na mtu aliyeambiwa kwamba kiwango chake kiko chini hajaambiwa kwamba ana kitu cha kukatwa.

Wajapani wa Kobe nao walikuja na orodha yao mwaka 2012. Shin Nishiumi na wenzake walitumia kromatografia ya gesi na kubakia na metaboliti nne: 2-hidroksibutirati, asidi aspatiki, kinurenini na sistamini. Katika kundi la pili la watu, ambalo halikutumika kuijenga kanuni, walipata unyeti wa asilimia 83.1 na umahususi wa asilimia 81.0, na kwa saratani za hatua ya 0 hadi ya 2 unyeti ulikuwa asilimia 82.8. Kwa mpangilio wa kazi, huu ni uthibitisho wenye nguvu kuliko wa Seattle, hasa kwa kuwa uligusa saratani za mapema. Lakini tazama ni kemikali zipi. 2-hidroksibutirati hupanda kwa watu ambao miili yao imeanza kuikataa insulini, miaka kabla kisukari hakijatangazwa. Kinurenini hutokana na kuvunjwa kwa triptofani, kazi ambayo kinga ya mwili huiongeza kila inapopambana na kitu, kiwe uvimbe au kiwe maambukizi.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Kinurenini hupanda katika malaria, katika kifua kikuu na kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kichocho cha tumbo, ambacho kando ya Ziwa Victoria ni ugonjwa wa kawaida, huchubua ukuta wa utumbo na kuufanya uvimbe, na kinaweza kutoa damu kwenye kinyesi pia, kwa hiyo hata FIT haiponi. Mwongozo wa Kenya wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 umeshaiingiza saratani ya utumbo mpana, na itakuja siku ambapo mtu ataleta mezani kipimo cha metaboliti kilichojaribiwa Kobe au Seattle akisema kwamba damu ni damu. Itabidi aulizwe wazima wake wa kulinganisha walikuwa nani. Kiwango kinachoitwa cha kawaida katika mji usio na malaria hakiwezi kuhamishiwa Mwanza au Kisumu kama kilivyo, na kosa likitokea litaangukia upande wa umahususi, ule ambao tumeshaona jinsi unavyojaza foleni.

Swali la polipi dhidi ya uzima limewahi kuulizwa waziwazi, ingawa si kwa damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta mjini Edmonton, akiwamo marehemu Richard Fedorak, walitengeneza kipimo cha mkojo kinachoitwa PolypDx, kinachotumia metaboliti tatu: asidi suksiniki, asidi askobiki na kanitini. Katika toleo la spektrometa ya masi lililochapishwa mwaka 2017, likiwa na washiriki 685, eneo chini ya mkunjo lilikuwa 0.692. Maana ya namba hiyo ni kwamba ukimchukua mtu mmoja mwenye adenoma na mmoja asiye nayo, kipimo kitampa mwenye adenoma alama ya juu zaidi mara 69 katika 100, wakati kurusha shilingi hewani kungetoa 50. Namba za Seattle zilikuwa 0.93 kwa saratani dhidi ya uzima na 0.95 kwa saratani dhidi ya polipi. Umbali kati ya 0.69 na 0.95 sehemu yake ni tofauti ya mkojo na seramu, lakini naamini sehemu kubwa zaidi ni tofauti ya maswali.

Na wala si metaboliti peke yake zinazokwama hapo. Kipimo cha Shield, ambacho hutafuta vinasaba vya uvimbe katika damu na kiliidhinishwa Marekani Julai 2024, kilinasa saratani kwa asilimia 83.1 katika utafiti wa watu 7,861, lakini vidonda vya hatua ya juu visivyo bado saratani vilinaswa kwa asilimia 13.2 tu. Damu, kwa njia yoyote iliyojaribiwa mpaka sasa kwa wingi wa watu, inaisema saratani vizuri na inaisema polipi kwa kunong'ona.

Utafiti ambao ungelifunga suala hili kwa metaboliti unajulikana sura yake. Damu itolewe kwa kila mtu anayekuja uchunguzi, kabla hajanywa dawa ya kusafisha utumbo na kabla yeyote hajajua kilichomo ndani, na muda kati ya sindano na friza uandikwe kwa dakika. Kanuni na kizingiti chake, yaani kiwango kinachotenga chanya na hasi, vifungwe kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa. Polipi zisiwekwe kapu moja, bali zisomwe kwa ukubwa na aina, adenoma za milimita 10 na kuendelea zikitengwa na vinyama vidogo visivyo na hatari, na watu haohao wapimwe FIT. Nchini Marekani, bima ya serikali ya Medicare iliweka mwaka 2021 masharti ya kulipia kipimo cha damu cha saratani hii: unyeti usiopungua asilimia 74 na umahususi usiopungua asilimia 90. Kanuni ya Seattle inalivuka la kwanza kwa mbali na kuanguka kwenye la pili. Mtu anaweza kukisogeza kizingiti mpaka umahususi ufike 90 na kutoa sadaka sehemu ya unyeti, na huenda bado angebaki juu ya 74. Masharti yote mawili, hata hivyo, yanaihusu saratani tu, na kampuni inaweza kuyatimiza, ikalipwa, bila kipimo chake kuwahi kuiona adenoma hata moja.